Msanifu akipima nyumba yako, michoro ni ya nani?

Jamani, hili tulijadili bila ya kugombana. Tangu Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar uingie katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hodi haziishi: wasanifu majengo vijana na mwalimu wao kutoka Ulaya, tepu mkononi. Kwetu walikaa siku tatu. Wakapima vidaka vya ukutani, wakahesabu boriti, wakachora ngazi mpaka juu, bibi akiwatilia chai. Nakala waliahidi kutuletea. Huu mwaka wa sita. Sasa ukuta wa nyuma umepasuka, fundi anauliza mzigo wa dari umekaa wapi, na jibu liko kabatini nchi za watu. Mimi nasema asiyeacha nakala asipewe kibali.

MWANACHUO WA USANIFU, DAR: Taratibu, kaka. Vyumba vya nyumba zenu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita 3 hivi. Picha haikuonyeshi hilo, mpaka usimame chini ya dari. Na Jumba la Maajabu, la mwaka 1883, lilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, wa kulijenga upya ashike nini kama halikupimwa? Mkifunga milango mtajuta.

MWENYE MADA: Nani kasema tufunge? Mfano wako ndiyo hoja yangu hasa. Vipimo vina faida vikiwa hapa.

FUNDI WA CHOKAA: Nyinyi mnagombea karatasi. Mimi niliwaeleza asubuhi nzima kwa nini ukuta wa mawe na chokaa ukipakwa saruji unaharibika: unyevu unakosa pa kutokea, unakula ndani kwa ndani. Wameandika kila neno. Kwenye ripoti yao mimi ni "fundi mmoja wa kienyeji". Anayetembeza watalii analipwa, mimi nilipewa soda.

MWANACHUO: Fundi, hapo sina la kukujibu. Ila mkianza kutoza, msitutoze sote bei moja. Sisi tunavuka na boti kwa pesa za mfukoni, tunalala kwa shangazi. Tukishindwa kuingia, nyumba za pwani yetu tutazisoma vitabuni mwao.

MWENYE MADA: Hilo sikuliwaza, kweli. Basi wa kwetu waingie bure, lakini nakala waache vilevile. Bibi naye ananiuliza kama wale vijana walifaulu mtihani wao.