Naomba ushauri: chumba cha kioo au gari la kufuata anga?

Jambo wandugu wa Lubumbashi. Ni safari ya mwezi wa pili, usiku 5 wa kutazama nuru ya kaskazini (mianga ya rangi inayoonekana angani usiku huko kaskazini ya mbali), hoteli za hali ya juu. Chumba cha paa la kioo Saariselkä, Ufini, kinavutia sana, lakini mawingu yakitanda huna pa kwenda. Tromsø, Norwe, kiongozi anakupakia garini hadi karibu na mpaka wa Ufini kutafuta anga safi. Mimi naegemea huko. Tugawe usiku 3 Tromsø na 2 Saariselkä?

Halafu kamera. Betri ya akiba inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi inaimaliza haraka. Ila ukirudi ndani lenzi inalowa umande. Ukiifunga ndani ya plastiki kabla ya kuingia, usubiri muda gani kuifungua?