Laptopu inafika nyuzi 87 nikirenda video, nikipunguza volti za GPU nitaiua kadi?

mhariri_tabata

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada maana hapa nimekwama kabisa. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na send-off, natumia DaVinci Resolve, laptopu ina kadi ya picha (GPU) ya RTX 3060 yenye 6GB na RAM 16. Nilipoichukua ilikuwa inakimbia vizuri tu ila toka joto la mwezi wa kwanza lianze hapa Dar imekuwa mtihani, yaani nikianza kurenda, ile kutoa video iliyokamilika, dakika tano tu GPU iko 86, 87, feni zinalia mpaka mtoto anaamka chumba cha pili, na ile sehemu ya kibodi juu ya herufi W na E huwezi kuweka kidole kikakaa.

Kinachoniumiza zaidi sio hata hizo kelele, ni kwamba joto likifika hapo spidi inaporomoka. Inaanza na 1780 MHz inaishia 1400 na kitu. Video ya saa moja niliyokuwa naitoa kwa dakika 49 sasa hivi inachukua 58, na wiki ya harusi tatu hizo dakika unazisikia mwilini.

Nilipeleka kwa fundi mmoja akasema feni zimechoka, nikabadilisha zote mbili, hela ikatoka na joto likabaki palepale. Juzi jamaa tunayepiga naye kazi kaniambia niandavolti GPU, yaani nipunguze volti inazokula. Sasa mimi naogopa, hii mashine ndio inalisha nyumba. Je, kadi inaweza kuungua? Na nikipunguza volti si nitakuwa nimepunguza nguvu yenyewe? Natanguliza shukrani.

kilowati

Pole sana mkuu. Nianze na hofu yako, kadi haiungui kwa kupewa volti ndogo. Kinachochosha chipu ni volti kubwa na joto la muda mrefu na wewe unataka kuondoa vyote viwili. Ukishusha kupita kiasi kitakachotokea ni programu kujifunga, au skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu halafu inarudi kwa sababu draiva, yaani programu inayoendesha kadi, imejiwasha upya, au mashine nzima inagoma inabidi uizime kwa kitufe. Basi. Ukiwasha tena mpangilio umeshaondoka wenyewe, mradi tu hukuuambia uanze pamoja na Windows.

Sasa kwa nini inawezekana kupunguza. Kiwandani wanaweka volti za kutosha ili hata ile chipu dhaifu kuliko zote za toleo hilo ifanye kazi bila kugoma, kwa hiyo ya kwako inaweza kuwa inalishwa zaidi ya njaa yake. Na umeme unaoliwa na chipu ikiwa kazini unaenda kwa volti mara volti mara spidi, hapo kwenye volti inajizidisha yenyewe ndipo penye utamu. Chukua mfano GPU iko volti 0.9 ukaishusha hadi 0.8 kwa spidi ileile. 0.9 mara 0.9 ni 0.81, 0.8 mara 0.8 ni 0.64. Umeondoa kama asilimia 21 ya umeme wa kiini, yaani chipu yenyewe ya kadi, bila kugusa hata megahezi moja. Sio laptopu nzima itapungua hivyo, memori ya kadi na vingine vinaendelea kula kama kawaida, ila kiini ndio mlaji mkubwa.

Na hilo la kupoteza nguvu, kwa laptopu mara nyingi inakuwa kinyume mkuu. Kadi ya laptopu imefungwa na vitu viwili, wati ilizoruhusiwa na joto. Ukipunguza volti inafika kwenye hizo kuta kwa kuchelewa, kwa hiyo ile spidi ya 1700 inashikilia muda wote badala ya kugusa 1780 kwa dakika mbili halafu inaanguka.

salma_wa_screwdriver

Kaka mhariri, kilowati amesema kweli yote na simpingi ila naomba usiguse volti kwanza. Umesema feni mpya zote mbili na joto halijashuka hata nyuzi moja, mimi hapo ndipo nimesimama. Alipobadilisha feni, alisafisha zile mbavu za shaba au aluminiamu ambazo feni inapulizia hewa itoke nje? Wengi wanachomoa feni ya zamani wanapachika mpya bila kuangalia pale mbele yake.

Mwezi uliopita nilifungua laptopu ya mdogo wangu anayecheza gemu, inachemka hivyohivyo. Nikatoa skrubu za feni, nikainyanyua, kati ya feni na zile mbavu nikakuta kitu kama kipande cha blanketi, cha kijivu, kimeshikana, urefu wa kidole changu. Nilikishika kwa kibano kikatoka chote kwa pamoja. Feni ilikuwa nzima kabisa, ila ilikuwa inasukuma hewa kwenye ukuta. Kwa kuisafisha tu, joto lilishuka nyuzi 9 kwenye gemu lilelile.

Ukipuliza kwa blowa tafadhali zuia feni kwa kijiti au kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaharibu beringi. Na chomoa betri kwanza kwenye ubao.

Halafu angalia HWiNFO, ile programu ya kusoma joto, kuna joto la GPU na kuna lile la sehemu yenye moto kuliko zote kwenye chipu, linaandikwa Hot Spot. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 15 ni kawaida. Ikizidi 20 na kitu wakati wa kazi, pesti iliyo kati ya chipu na kipoozeo imekauka au imesambaa vibaya, hapo hata ushushe volti unaficha ugonjwa tu. Naomba sana ufanye hivi kwanza.

mhariri_tabata

Dada Salma Mungu akubariki. Nimefungua leo asubuhi. Upande wa kulia mbavu ziko safi, upande wa kushoto zimeziba kama nusu, na ndio upande wa GPU. Nimesafisha, tofauti na Hot Spot ni nyuzi 13 kwa hiyo pesti nimeiacha. Sasa hivi kwenye kurenda ni 82 hadi 84. Nafuu ipo ila feni bado zinalia na spidi bado inacheza. Naona sasa niende kwenye volti, naombeni hatua kwa mtu ambaye hajawahi.

kilowati

Vizuri sana, sasa umeanza sehemu sahihi. Pakua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha spidi na volti za kadi, kutoka tovuti ya MSI yenyewe au Guru3D, sio sehemu nyingine yoyote, kuna tovuti feki zenye virusi zinazojifanya ndio yenyewe. Haijalishi laptopu yako ni ya kampuni gani, inafanya kazi.

Fungua, hakikisha pale juu imechagua NVIDIA na sio ile GPU ndogo ya ndani ya prosesa. Acha Resolve iko wazi ili kadi isilale, ikilala utaona sifuri kila mahali. Bonyeza Ctrl na F kwa pamoja, itafunguka grafu. Chini ni volti kwa milivolti, pembeni ni spidi kwa megahezi, na ule mstari una vidoti vidoti, kila kidoti kinasema "nikiwa na volti hizi nakimbia spidi hii". Unachofanya ni kuiambia kadi ikimbie spidi nzuri kwenye volti ndogo, na isipande zaidi ya hapo.

Rudi dirisha kuu, shusha spidi ya kiini iwe hasi 200, bonyeza alama ya tiki. Mstari wote utashuka. Sasa rudi kwenye grafu, tafuta kidoti cha 825, kivute juu mpaka 1700. Bonyeza tiki tena. Utaona vidoti vyote vya kulia kwake vimelala sawa kama meza. Hiyo meza ndio unayoitaka. Kama kuna kidoti upande wa kulia kimechomoza juu ya 1700 kadi itakikimbilia hicho na volti zitapanda tena, kwa hiyo angalia vizuri.

Kisha renda kazi ya kweli nusu saa. Ikipita, shuka hadi 812, halafu 800, kidogo kidogo, kila hatua jaribu upya. Ikigoma panda hatua mbili juu na ukae hapo. Usinakili namba za mtu, wala hizi zangu, kila chipu imezaliwa na bahati yake. Na usiweke ianze na Windows mpaka imekaa siku kadhaa bila tatizo.

bandari_001

Sasa wadau, niko Mombasa na huku joto na unyevu mnajua. Swali langu ni karibu na hilo, mimi GPU yangu iko sawa lakini prosesa ndio inachoma, Intel ya kizazi cha 10. Nilijaribu ThrottleStop, ile programu ya kurekebisha volti na wati za prosesa, nikishusha volti namba hazibadiliki kabisa, imeandika imefungwa. Kwani hii ya GPU haifungwi?

kilowati

Bandari, hiyo ina historia yake. Desemba 2019 watafiti walionyesha shambulio linaitwa Plundervolt, walikuwa wanachezea volti za prosesa za Intel kwa programu mpaka inakosea hesabu ndani ya ile sehemu yake ya siri ya SGX, na kwa makosa hayo wanaiba funguo. Intel ikatoa marekebisho na watengenezaji wa laptopu wakafunga hiyo njia kupitia BIOS, ile programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows. Laptopu chache zina sehemu ya kufungua kwenye BIOS, nyingi hazina. GPU ya NVIDIA haikuguswa na hilo. Wewe kwenye ThrottleStop punguza wati za prosesa, au zima Turbo, ile spidi ya ziada ya prosesa, kwenye kazi ambazo haziihitaji, utapata nafuu kubwa. Na kwa kuwa laptopu nyingi prosesa na GPU zinachangia mabomba yaleyale ya kupoza, hata mhariri akifanya hivyo GPU yake itapumua.

mhariri_tabata

Wakuu nimerudi na majibu, siku tatu nimefanya hili tu.

825 kwa 1700 ilipita bila shida. 800 ikapita. Tamaa ikanishika nikaenda 775, ikakaa vizuri dakika 12 halafu Resolve ikajifunga, skrini nyeusi, ikarudi, na kwenye kumbukumbu za Windows nikakuta imeandikwa nvlddmkm, ambayo ni draiva ya NVIDIA. Nikapanda 800 nikadhani nimemaliza. Juzi usiku nimerenda send-off nzima bila tatizo, jana asubuhi nawasha mashine ikiwa baridi kabisa, dakika ya kwanza tu ya kazi ikagoma. Hapo nimechanganyikiwa, inawezaje kugoma ikiwa baridi na isigome ikiwa moto?

kilowati

Hiyo ni kawaida mkuu na ni vizuri umeiona mapema kabla hujamuahidi mteja. Kadi za NVIDIA zinausogeza ule mstari kutokana na joto, kwa hatua za megahezi 15. Ikiwa baridi inajiongezea spidi kwa volti zilezile, kwa hiyo wewe ulipanga 1700 ikiwa moto, asubuhi ikawa inakimbia labda 1725 au 1740 kwa milivolti 800 zilezile, ikashindwa. Iache 812 au ushushe spidi hadi 1665 kwa 800, halafu ujaribu asubuhi kabla ya kitu kingine chochote.

sola_kigoma

Niongeze kitu ambacho kwangu ni kikubwa kuliko joto. Mimi nafanya grafiki za mabango na umeme ukikatika nahamia kwenye betri na inveta ndogo ya sola. Kabla ya kuandavolti, laptopu ikiwa kwenye kazi nzito inveta ilikuwa inalia na kujizima. Saa hizi namaliza kazi. Wati 20 au 25 ukizipunguza kwenye mashine ni kidogo kwa mtu wa umeme wa gridi, kwa mtu wa sola ni saa nzima ya kazi usiku.

Na kwa asiyetaka kucheza na grafu, fungua Command Prompt kama admini andika nvidia-smi -lgc 210,1600, hiyo inaizuia kadi isivuke 1600 na yenyewe itatumia volti za pale. Hupati faida yote kama ya kilowati ila haigomi hata kidogo. Kuondoa ni nvidia-smi -rgc.

mhariri_tabata

Nimeweka 1665 kwa 812. Asubuhi mbili mfululizo nimewasha ikiwa baridi nikaipa kazi nzito hapohapo, haijagoma. Project ileile ya saa moja leo imetoka kwa dakika 48, joto la juu kabisa nililoliona ni 74, na spidi imesimama 1665 mwanzo mpaka mwisho kama imepigiliwa msumari. Feni nazisikia ila ni ule mvumo wa kawaida, mlango umefungwa na mtoto amelala.

Dada Salma nimemrudia yule fundi nikamuonyesha picha ya zile mbavu zilivyokuwa. Ameomba nimfundishe na Jumamosi anakuja nyumbani na laptopu mbili za wateja wake, kwa hiyo kama kuna la kuongeza kuhusu kuzuia feni wakati wa kupuliza niandikie kabla ya hapo.

salma_wa_screwdriver

Mwambie aje na brashi laini ya rangi, ya inchi moja, mpya, na apulize kutoka nje kwenda ndani, kurudisha vumbi lilikotokea. Akipuliza kutoka upande wa feni analishindilia zaidi kwenye mbavu.