Naombeni ushauri: amri za mwanzo za VM/370, nimekwama kati ya CP na CMS

dogo_wa_kodi:
Wakuu, habari za jioni. Linux naifahamu vizuri tu, ila sasa nimejiingiza kwenye VM/370, ule mfumo wa kompyuta kuu za IBM uliotoka 1972. Nauendesha kwenye laptopu kupitia Hercules, programu inayoiga kompyuta hizo, na kama terminali natumia x3270. Nimeingia kwa LOGON CMSUSER, nikapiga IPL CMS, nikaona R. Nikajua mambo safi. Wapi!

Kwamba ls, ile amri ya Linux ya kuorodhesha faili, haitambuliki nilitegemea. Yanayonitoa jasho ni haya. Skrini ikijaa, chini kulia panatokea MORE... nikibonyeza Enter panageuka HOLDING, na hapo nimeganda kabisa. Halafu jana nilifunga dirisha la x3270 nikaenda kupata chochote, dakika chache tu. Kurudi na kuingia tena ikaandika RECONNECTED, na tangu hapo LISTFILE, amri ya kuorodhesha faili iliyokuwa inakubali, inajibiwa ?CP: LISTFILE. Faili zangu zimeenda wapi? Na nikiandika anwani ya barua pepe kwa EDIT, ile programu ya kuhariri faili, alama ya @ inapotea pamoja na herufi iliyotangulia.

Mnanishauri nianze na amri zipi? Mwongozo niliopakua ni kurasa kibao. Natanguliza shukrani.

Nangurukuru:
Mkuu, unatafuta nini makumbusho? Jifunze vya kisasa kama Docker upate mkate.

Mzee wa Tepu:
Nangurukuru, mwache kijana. z/VM inayouzwa leo ni uzao wa hiyo hiyo, na LOGON, IPL CMS na LISTFILE zimo humo mpaka sasa. Niliendesha mitambo hii miaka mingi ughaibuni, hakuna nilichojifunza kikaenda bure.

Dogo, faili zako zipo. Tatizo lako si amri, ni kwamba hujui unaongea na nani. Mle ndani wamo wawili. CP ni mwenye nyumba: kila anayeingia anampa kompyuta nzima ya kuigiza, ina kumbukumbu yake, diski zake, printa, hata msomaji wa kadi. CMS ni mpangaji: mfumo mdogo wa mtu mmoja unaokaa ndani ya hiyo kompyuta yako. Ukiandika IPL CMS unamwambia CP aiwashe mashine yako kwa CMS.

Ulipofunga dirisha bila LOGOFF, CP hakuizima mashine. Aliiacha imetengana na terminali, akakusubiri dakika 15. Ukawahi kurudi, akakupokea yeye mwenyewe huku mashine yako ikiwa imesimama. Tazama chini kulia, patakuwa pameandikwa CP READ. LISTFILE ni ya CMS, CP haijui, ndiyo maana anakurudishia ?CP: na neno lako. Andika BEGIN, au B peke yake, piga Enter, utaendelea pale ulipoishia. Ungechelewa angekutoa, ukaanza upya na LOGON, lakini kilichokwisha andikwa diskini kingebaki.

Kwa hiyo kabla hujakariri amri yoyote, zoea kuangalia hiyo kona. VM READ, mashine yako inasubiri uandike. RUNNING, iko kazini. CP READ, uko kwa mwenye nyumba. Hata majibu yanatofautiana: CMS akishindwa kuelewa anasema UNKNOWN CP/CMS COMMAND.

MORE... ni skrini iliyojaa. Ukiiacha, baada ya kama dakika moja inajifuta na kuendelea. Enter maana yake "ngoja, bado nasoma", ndiyo hiyo HOLDING. Cha kusonga mbele ni kitufe cha Clear, kwenye x3270 ni Alt na C. Ukichoka na orodha ndefu, HT inanyamazisha maandishi, HX inaikata programu yenyewe.

bi_Sauda:
Mzee kamaliza ugumu, mimi niongezee amri.

Folda hakuna, cd ya kuhama folda isahau. Faili ina jina la sehemu tatu zenye nafasi katikati: jina, aina na diski. Mfano BARUA SCRIPT A. Jina na aina, kila moja isizidi herufi nane. A ni diski yako, anwani yake 191. S ni ya mfumo, 190.

Kuona faili: L * * A, hiyo L ni kifupi cha LISTFILE. Kusoma: T BARUA SCRIPT. Kunakili: COPYFILE BARUA SCRIPT A NAKALA = = na hizo alama za sawasawa zinamaanisha "kama ilivyo kule". RENAME inafuata mtindo huo huo. Nafasi iliyobaki: Q DISK A. ERASE iogope, haikuulizi kama una uhakika na hakuna pa kufukulia. Afadhali ukiandika ERASE * * A inakataa mpaka utaje na namba, kama A5.

Amri ikienda sawa unapata R; na muda uliotumika. Ukiona R(00028), basi imeshindwa, na 28 kwa kawaida ni faili haikuonekana. Hakiki herufi.

Hiyo @ ni urithi wa enzi za terminali za taipureta: CP anaisoma kama "futa herufi iliyotangulia". Piga TERMINAL CHARDEL OFF.

kaka_mtandao:
Na # nayo inakata mistari. Zima zote, TERMINAL LINEND OFF, uishi kwa amani.

Mzee wa Tepu:
Usimpotoshe! Ukiizima hiyo, #CP nayo inakufa, na ndiyo njia rahisi ya kumpa CP amri, mfano #CP QUERY TIME, wakati programu inasubiri uandike. Akitaka # ndani ya maandishi aitangulize alama ya kunukuu: "#

dogo_wa_kodi:
B imekubali, faili zote hizi hapa! CP TERMINAL CHARDEL OFF nimeiweka kwenye PROFILE EXEC ili ijiendeshe kila nikiwasha CMS. Moja la mwisho: nawezaje kusoma diski ya mtumiaji mwingine, tuseme MAINT?

bi_Sauda:
LINK MAINT 191 291 RR, yaani diski yake ya 191 ionekane kwako kama 291, halafu ACCESS 291 B. Diski ikiwa na nenosiri CP atakuuliza. Faili zitaonekana kwa L * * B. Ukimaliza, iachie kwa RELEASE 291 (DET

RR ni kusoma tu, baki hapo. Utakutana na MW inayoruhusu wawili kuandika, usiiguse. Kila CMS inashika orodha yake ya faili kwenye kumbukumbu na haijui mwenzake kaandika nini, hivyo wa mwisho kuhifadhi anavuruga diski nzima.