Mbunge wa Minnesota na nishati: kazi ya kiangazi au kampeni?

Mkazi wa Brooklyn Park: Ndugu zangu, naomba tujadili jambo hili bila jazba. Mbunge wetu katika bunge la jimbo la Minnesota ametangaza kwamba kiangazi hiki atakitumia kuandaa muswada wa kubana matumizi ya nishati. Atakutana na kampuni za umeme na gesi, atatembelea majengo ya kupanga, na atawasikiliza mafundi wanaoziba nyufa za nyumba. Sote tunajua kwamba, katika kikao cha kawaida, bunge la jimbo haliruhusiwi kupitisha muswada baada ya Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei, kwa hiyo hakuna kura ya kikao hicho itakayopigwa katika miezi hii. Je, hiyo ni kazi au ni kampeni iliyovishwa koti la kazi? Mimi naona ni kazi, kwa sababu muswada unaoandikwa mbiombio Februari, kikao kikiwa tayari kinaendelea, huishia mikononi mwa mawakili wa kampuni zenyewe. Kinachonikera ni kwamba watu wa majengo yetu hawahudhurii mikutano hiyo, kisha Januari, katikati ya baridi kali, wanafungua madirisha huku joto la jengo likiwaka.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu: Sentensi hiyo ya mwisho imeniudhi, nami sitaipita kimya. Katika jengo ninaloishi kuna boila moja la kupasha joto jengo zima, na kidhibiti cha joto kimefungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake anao mwenye nyumba. Aliye chini analala na makoti mawili, nami niliye juu nalowa jasho. Usiponipa njia nyingine ya kupunguza joto, nitafungua dirisha, na sihitaji mtu wa kunifundisha adabu ya nishati.

Fundi wa Darini: Dada yetu amesema kweli. Katika majengo ya zamani yenye mabomba ya maji moto, mara nyingi ni mfumo wenyewe usiogawa joto sawasawa, na dirisha lililo wazi ni dalili tu. Mfumo ukisawazishwa na dari ikawekwa kizuia joto, yaani nyenzo ya kuzuia joto lisitoroke, madirisha hufungwa bila mtu kuhubiriwa. Kuna fedha za kampuni za umeme na gesi kwa kazi hiyo, na lengo lao la kuokoa nishati liliwekwa na ile sheria ya mwaka 2007 ambayo, kama sikosei, Gavana Tim Walz ndiye aliyeitia saini.

Mzee wa St. Paul: Unakosea, fundi. Mwaka 2007 Walz, ambaye ni Mdemokrati, hakuwa gavana bado; ndiyo kwanza alikuwa ameingia Bunge la Marekani kule Washington, na aliyetia saini ni Gavana Tim Pawlenty, Mrepublican. Nasisitiza hilo kwa sababu vijana hudhani uhifadhi wa nishati ni mali ya chama kimoja. Sheria ile iliweka lengo la kampuni kuokoa kila mwaka nishati sawa na asilimia 1.5 ya mauzo yao. Walz alitia saini ile ya mwaka 2021, iliyopandisha lengo la kampuni kubwa za umeme hadi asilimia 1.75. Tena fedha hizo si sadaka ya mtu, kwani zinatoka katika bili zetu wenyewe.

Mwenye Nyumba: Nimesoma jinsi mnavyotusema sisi wenye nyumba kana kwamba tumezaliwa na fleti mkononi. Nilikuja nchi hii na begi moja, na leo nina fleti nne. Sheria inanitaka nihakikishe nyuzi joto 68 za Fahrenheit (kama 20 za Selsiasi) kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili, nami natimiza. Nikigharimia kizuia joto katika fleti ambayo mpangaji analipa bili yake, faida yote ni yake. Pale ambapo bili ninalipa mimi, yeye hana haja ya kujali. Mbunge aeleze kwanza hesabu hiyo inafungwaje.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu: Faida ni yangu, na kodi ya nyumba unayoipandisha kila mwaka ni ya nani? Hilo begi moja tumelisikia sana.

Mkazi wa Brooklyn Park: Tafadhali turudi kwenye swali. Niliuliza kuhusu kiangazi cha mbunge.

Fundi wa Darini: Swali ni hili hili, Mkazi. Mpango wa serikali kuu wa kukarabati nyumba za watu wa kipato cha chini, ambao upo tangu mwaka 1976, unawafikia hata wapangaji, lakini hatugusi jengo bila idhini ya mwenyewe. Mbunge akitaka kazi ya maana, awatembelee wenye nyumba wasiotoa idhini na awaulize sababu.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu: Basi tuanze na aliye hapa. Mwenye Nyumba, wewe umetoa idhini? Jibu ndiyo au hapana.

Mwenye Nyumba: Sijatoa. Paa langu linavuja, na mafundi walikataa kuweka chochote darini hadi lizibwe kwa gharama yangu. Mlitaka nitie saini ya nini?

Fundi wa Darini: Hapo hujadanganya, kwa maana nyumba kama hizo tunaziacha kila msimu. Sheria ya 2021 iliruhusu sehemu ndogo ya zile fedha za kampuni zinazotengwa kwa wateja wa kipato cha chini itumike kwa matengenezo yanayotangulia kazi ya kizuia joto, ila paa zima la jengo la biashara ni habari nyingine.

Mpangaji wa Ghorofa ya Tatu: Yaani bili yangu ndiyo imzibie paa?