Ushauri tafadhali: dakika 40 za kusomesha tatizo la uovu, kidato cha sita, Wete

Mwalimu_wa_Wete
Assalaam alaykum wanabaraza. Nimepewa kipindi cha dakika 40 baada ya Alasiri, wanafunzi 25 wa kidato cha sita. Mada: ikiwa Mwenyezi Mungu ni muweza wa yote na ni mwema, kwa nini mateso yapo? Wote Waislamu isipokuwa wawili, ambao ni Wakristo. Sitaki khutba, nataka wafikiri. Nianze wapi, na wapi hasa watu huharibu?

Ngalawa_Nyeupe
Waalaykum salaam mwalimu. Anza na ubao, jibu liache kwanza. Andika sentensi nne: Mungu ni muweza wa kila kitu. Mungu anajua kila kitu. Mungu ni mwema kamili. Uovu upo. Kisha waulize zinagongana wapi. Darasa zima litasema zinagongana hapo hapo. Mpe mmoja chaki aonyeshe. Atakwama, maana kati ya hizo nne hakuna inayoikana nyengine moja kwa moja.

J. L. Mackie, mwanafalsafa asiyeamini Mungu, aliliona hilo. Katika makala yake ya 1955 kwenye jarida la Mind, aliongeza kanuni mbili ili mgongano upatikane: kwamba mwema huondoa uovu kadiri awezavyo, na kwamba muweza wa yote hana mpaka kwa anachoweza. Ziandike chini ya zile nne kwa chaki ya rangi nyengine. Mjadala wote umelala kwenye hizo mbili.

Ya kwanza ijaribu kwa mama anayempeleka mwanawe kuchomwa chanjo. Anaweza kuuzuia ule uchungu na hauzuii, na hakuna atakayemwita mbaya. Mwanafunzi mkali atakurudishia: mama hana njia nyengine, Mungu anazo zote. Mpongeze, kwa sababu amekuvusha mwenyewe hadi kanuni ya pili. Hapo ndipo anaingia Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo, na kitabu chake cha 1974: kiumbe aliye huru kisha akalazimishwa kutenda mema tu ni kama duara lenye pembe nne, maneno yasiyo na kitu nyuma yake. Kutoweza kuumba kisichokuwa kitu si upungufu wa uwezo.

Kosa kubwa liko hapa: kuchanganya utetezi na thiodisia. Utetezi unadai tu kwamba sentensi nne zinaweza kuwa kweli pamoja. Thiodisia inadai kuijua sababu yenyewe ya Mungu. Plantinga alitoa utetezi. Mwanafunzi akimdai ushahidi kwamba ndiyo sababu halisi, anadai deni ambalo hakukopesha.

Mkarafuu
Naongeza mifano. Ugawe uovu mafungu mawili tangu mwanzo, wa watu na wa maumbile, na mifano yote miwili unayo nyumbani, mwaka mmoja baina yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hiari ya mwanadamu inasema kitu kuhusu Mkunazini. Kuhusu kimbunga haisemi kitu, na asiyetenganisha haya mawili hujikuta anaufafanua upepo kwa dhambi za watu.

Utegemee mwanafunzi atakayesema: kimbunga kiliipitia Pemba kwa mbali, mikarafuu yetu ikanusurika, Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, basi hiyo ndiyo hekima yake. Msimamishe hapo hapo. Muulize nani alikuwa akipalilia na kuchuma ile karafuu iliyonusurika. Walikuwa watumwa. Kheri ikamfikia mmoja, na uchungu ukabebwa na mwengine. Hesabu isiyomtia ndani yule aliyeumia mwenyewe haijakamilika, na kwa maoni yangu thiodisia nyingi huanguka papo hapo.

BintiKojani
Yote sawa, ila kuna jambo Ngalawa amelipita, na kwa darasa la hapa ndilo zito kuliko yote. Huwezi kumchukua Plantinga ukampandikiza kwenye itikadi ya wanafunzi wako bila kuwaambia. Utetezi wake unataka mwanadamu awe ndiye mwanzishaji wa tendo lake. Muutazila, mfuasi wa madhehebu ya Kiislamu yanayosema mja huumba vitendo vyake mwenyewe, angelikubali. Lakini Ash'ari, imamu wa itikadi inayofuatwa na Masunni wengi, anasema vitendo vya waja vinaumbwa na Mwenyezi Mungu, na mja anavichuma, yaani kasb. Maibadhi nao, kwenye suala hili, wako karibu na Ash'ari. Sasa kijana aliyesomeshwa hivyo chuoni, ukimwambia "uovu ni wa mwanadamu, Mungu hana mkono", utamgonganisha na alichohifadhi, naye atadhani falsafa imemkanusha mwalimu wake.

Wape mjadala wa ndugu watatu, unaohusishwa na Abul Hasan al-Ash'ari na mwalimu wake al-Jubba'i, aliyekuwa Muutazila. Mmoja alikufa mkubwa na mwema, mmoja mkubwa na muovu, mmoja mtoto. Mtoto anauliza: kwa nini sikupewa umri nikapata daraja ya kaka yangu? Anajibiwa: nilijua ungekua ungeasi, nikakuchukua kwa maslahi yako. Hapo yule muovu anapiga ukelele kutoka motoni: na mimi ulijua, mbona hukunichukua mdogo? Al-Jubba'i, kama inavyosimuliwa, alinyamaza. Soma taratibu, halafu na wewe nyamaza kama dakika moja.

Funzo lake ni la kimantiki: ukisema Mungu analazimika kumfanyia kila mja lililo bora, lazima uonyeshe kwa kila mja. Ash'ari alilikataa hilo sharti. Sura 21 aya 23 ndiyo tegemeo: Yeye haulizwi kwa ayatendayo. Lakini uwe mkweli kwa wanafunzi, njia hii ina gharama. Ukisema wema ni kile tu anachokitaka Mungu, sentensi ya tatu ubaoni imebadilika maana, na atakayekuuliza "basi kumwita mwema kunatupa habari gani?" ameuliza vizuri. Usimkemee.

Ngalawa_Nyeupe
BintiKojani, nakubali, nimekosea kuliruka hilo. Mwalimu, tia sentensi moja tu kabla ya Plantinga: "hoja hii inasimama juu ya hiari ya aina hii." Watajua wako wapi.

Usubi
Msiisahau hoja ya pili, ambayo wengi wa leo wanaiona ngumu zaidi. Mwanafalsafa William Rowe, 1979: mwanapaa anaungua katika moto wa msitu, analala siku kadhaa kwa maumivu makali, anakufa, hakuna aliyemuona. Hatuoni faida yoyote, basi pengine haipo. Hapa hakuna mgongano wa mantiki, kuna uzito wa ushahidi, na utetezi wa Plantinga haukuundwa kwa kazi hii.

Jibu la mwanafalsafa Stephen Wykstra, 1984: "sioni" huwa ushahidi pale tu ambapo kitu kingekuwepo ungekiona. Chungulia ukumbini mlangoni, useme hamna ndovu: sawa. Useme hamna usubi: umejuaje? Kisa cha Musa na Khidhr katika Suratul Kahf, ambamo Khidhr anatenda yanayoonekana mabaya na hekima yake inajulikana baadaye, kina umbo hili hili. Udhaifu wake ni huu: kama hatujui lipi lina hekima, kwa nini tumuokoe anayezama? Jibu lipo, Khidhr alitenda kwa elimu aliyopewa, sisi tuna amri ya kuokoa. Liandae mapema, litaulizwa.

Bi_Subira
Mwalimu, kisa cha Khidhr kinaanza na chombo kilichotobolewa na watu wamo ndani. Umo Pemba. Meli ya Mv Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikija huku, imejaza kupita kiasi, na humo darasani anaweza kuwemo aliyekulia mikononi mwa bibi kwa sababu hiyo. Anza na tukio jengine la kisa hicho, ukuta wa mayatima wawili alioujenga Khidhr. Siku mbili kabla, muulize mwalimu wa darasa nani amefiwa, na usimtazame yeye unapouliza swali.

Akilia, acha somo. Aliyefiwa hajauliza sentensi ya nne inaafikianaje na ya tatu. Kumjibu kwa Plantinga ni ukatili hata kama hoja ni sahihi.

Kwa wale Wakristo wawili: kitabu cha Ayubu katika Biblia, mlango wa 38 hadi wa 41. Mungu anazungumza kwa urefu na hatoi sababu hata moja. Waulize wenzao kama hilo ni jibu.

Mwalimu_wa_Wete
Allah awalipe kheri. Nimepanga hivi: dakika 10 ubao na Mackie, 8 hiari na mipaka yake, 10 ndugu watatu, 7 mwanapaa na usubi, 5 maswali. Mkunazini na kimbunga vitaingia kwenye zile 8. Nifungue na maneno ya Epikuro, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu Mungu na uovu?

Mkarafuu
Maswali dakika 5 ni kidogo, punguza Mackie hadi 7. Na ukimtaja Epikuro, sema "yanayonasibishwa kwake". Yametufikia kupitia Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4, aliyeyaandika ili ayajibu.

Mwalimu_wa_Wete
Sawa. Mackie 7, maswali 8. Chaki za rangi mbili nitabeba mwenyewe.