Chakula kikavu cha mbwa cha kupima: tuendelee kununua au tuache?

Mleta mada, Morogoro

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu masika yaliyopita, na naomba tulijadili kwa uzito wake, maana wengi humu tunafuga mbwa wa ulinzi na wengi tumeshahama kutoka ugali kwenda chakula cha dukani.

Nilikuwa na mbwa jike, Doria, chotara wa German Shepherd, umri miaka mitano. Tangu aachishwe ziwa alikula chakula kikavu, zile punje za kahawia. Mfuko mzima ulinishinda bei, kwa hiyo nilikuwa nachukua kilo tano tano kwa kupima. Mfuko umefunguliwa mdomo, umeegeshwa jirani na mlango, kopo la kuchotea limo ndani. Wiki ile mvua haikukatika. Siku kama ya kumi tangu ninunue, Doria akasusa chakula. Kesho yake akatapika, kisha akawa analala tu. Nilipomfunua mdomo nikakuta ufizi wa njano, na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi. Daktari alikuja, akasema ini limeshindwa kazi, akamtundikia dripu. Usiku wa pili hakuuvuka.

Daktari aliniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: alikuwa anakula chakula gani, cha toleo namba ngapi, yaani ile namba ya mfuko inayoonyesha kilitengenezwa kwenye fungu lipi? Mfuko sikuwa nao. Namba sikuwa nayo. Punje zilizobaki nilikuwa nimeshazifukia kwa hasira. Kwa hiyo sisemi kwamba chakula kile ndicho kilichomuua, kwa sababu siwezi kuthibitisha. Ninachosema ni kwamba namna tunavyouziwa imetunyima hata nafasi ya kuthibitisha.

Tazameni ilivyokuwa Marekani. Mwishoni mwa Desemba 2020 kampuni ya Midwestern Pet Foods ilirudisha chakula kikavu cha Sportmix kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu kwenye nafaka. Ilianza na matoleo machache, na siku chache baadaye ikalazimika kurudisha vyakula vyote vyenye mahindi vilivyotoka kiwanda chake cha Oklahoma, mpaka vyenye tarehe ya kuisha muda ya Julai 2022. Kufikia mwisho wa Januari 2021, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilikuwa na taarifa za mbwa zaidi ya 110 waliokufa. Ni msiba mkubwa, lakini njia ya kuufuatilia ilikuwepo: mfuko ulikuwa na maandishi, na maandishi yakawapeleka watu mpaka kiwandani. Mimi maandishi yangu yalibaki dukani, kwenye mfuko ambao pengine ulishajazwa tena chakula cha toleo jingine.

Msimamo wangu: chakula kikavu chenyewe si sumu. Hatari iko kwenye mahindi yanayowekwa ndani yake na kwenye safari yake mpaka bakuli la mbwa. Kuuza kwa kupima kutoka mfuko ulio wazi kupigwe marufuku. Nawasilisha.

Mchangiaji, Nakuru

Pole sana kwa kumpoteza Doria. Lakini naona umelilaumu duka, ukaacha kiwanda. Soma ile orodha kwenye mfuko wa bei nafuu. Cha kwanza mahindi, cha pili pumba za ngano, nyama iko huko chini na hata hausemi ni ya mnyama gani. Mbwa ni mnyama wa kula nyama. Tunampa nafaka iliyokaushwa, yenye maji asilimia 10 hivi, halafu tunashangaa akiugua.

Mbwa wangu mmoja alikuwa anajikuna mpaka manyoya yakaisha kiunoni. Nilimpeleka kwa madaktari wawili, nikapewa sindano na sabuni, hakuna kilichobadilika. Nikaacha chakula cha mfuko, nikaanza kumpikia matumbo, omena na ugali kidogo. Miezi miwili akawa mbwa mwingine kabisa. Hilo sikusoma mahali, nililiona kwa macho.

Na tusisahau 2007. Watu Uchina waliweka melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwenye gluteni (protini) ya ngano ili ikipimwa ionekane ina protini nyingi. Kampuni ya Menu Foods ikarudisha makopo na vifuko zaidi ya milioni 60, na paka na mbwa wakafa kwa figo Amerika Kaskazini. Ile haikuwa bahati mbaya ya ukungu kwenye ghala, ilikuwa hila ya pesa. Mtu akishakufanyia hivyo mara moja, unamrudia kwa nini? Mbwa wa babu zetu walikula tulichokula sisi, wakalinda boma na ng'ombe.

Daktari wa mifugo, Arusha

Ndugu yangu wa Nakuru, ya 2007 ni kweli tupu, ila chakula kilichohusika zaidi kilikuwa cha majimaji cha makopo na vifuko, si punje. Na mbwa wako kupona ngozi sibishi. Wapo mbwa ambao miili yao inakataa protini fulani, ya kuku au ya ng'ombe, na ukiiondoa wanapona. Bila kujua kilichokuwamo kwenye mfuko ule, hatuwezi kujua ulichomwondolea. Unaona tunavyorudi palepale kwa mleta mada?

Lakini hilo la mbwa kuwa mla nyama tu, hapana. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu wa kijivu, si wale wa mbugani kwetu, bali wale jamaa wa karibu kabisa wa mbwa wa nyumbani. Jeni ya kumeng'enya wanga tumboni, mbwa mwitu yule ana nakala mbili. Mbwa wa nyumbani ana kuanzia nne mpaka 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo yetu yalimbadilisha. Wanga uliopikwa vizuri anaumeng'enya bila shida.

Sasa mbwa wa babu. Nawapenda sana mbwa wale, lakini nani alihesabu wangapi walikufa na umri gani? Ninachokiona kila mwaka ni watoto wa mbwa wa miezi mitatu, minne, wa German Shepherd na Boerboel, wanaletwa wakiwa na matege, wengine wanatembelea vifundo, mwenyewe ananiambia kwa fahari kwamba anawalisha nyama tupu, yaani steki isiyo na mfupa, na ugali. Nyama ina fosforasi nyingi mno kuliko kalisi, na mifupa inahitaji madini yote mawili. Mwili wa mtoto ukikosa kalisi kwenye chakula unaichota kwenye mifupa yake mwenyewe, na mifupa inalainika kama muhogo uliochemka. Nikiwahamishia chakula kikavu kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, wengi wanasimama ndani ya wiki chache. Waliochelewa hubaki na ulemavu. Halafu anakuja mwingine ambaye anatoa chakula kamili na juu yake anamwaga vidonge vya kalisi ili mbwa awe mkubwa upesi. Huyo naye anaharibu viungo, hasa kwa mbwa wa miili mikubwa. Kwa hiyo mapishi ya nyumbani yanawezekana, ila si kutupia tu. Unga wa mifupa au wa maganda ya mayai lazima upimwe.

Jambo jingine, na hapa nawasihi: mapafu na ini mbichi kutoka machinjioni msiwape. Mle ndani huwa mna malengelenge ya maji yenye vimelea. Mbwa akiyala hupata minyoo midogo sana, mayai yanatoka na kinyesi, mtoto anamshika mbwa manyoya kisha anakula bila kunawa, na baada ya miaka anaota uvimbe wa maji kwenye ini. Turkana na umasaini ugonjwa huu unajulikana vizuri. Chemsheni.

Upande wa chakula kikavu nami nina lawama zangu. Kimeshiba nguvu mno: gramu 100 zina kama kalori 350 hadi 400, na watu wanajaza bakuli mpaka juu asubuhi na jioni. Utafiti uliotolewa 2002 ulifuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni mpaka kufa. Nusu walipewa chakula kilichopunguzwa robo kulinganisha na walichokula wenzao. Wale waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Waliogharimia ni Purina, kampuni inayouza chakula hicho hicho, na matokeo yakasema toa kidogo. Mbwa akiwa na mbavu usizoweza kuzigusa kwa vidole, punguza kipimo, kiwe cha dukani au cha jikoni kwako.

Mchangiaji, Texas

Naongeza kutoka huku. Miaka ile kila duka lilikuwa linasifia chakula kisicho na nafaka, na bei yake juu. Nami nikamnunulia mbwa wangu, Golden Retriever, nikaamini nampenda zaidi ya jirani. Julai 2018 FDA ikatangaza kwamba inachunguza mbwa wanaopata ugonjwa wa moyo kutanuka. Ripoti yake ya Juni 2019 ilikuwa na taarifa 524, na vyakula vilivyotajwa, zaidi ya asilimia 90 havikuwa na nafaka; vingi vilijaa njegere na dengu. Nilimpima wangu, moyo ulikuwa umeanza kulegea. Daktari akambadilishia chakula akarudia cha mchele na mahindi, akaongeza taurini, kirutubisho kinachosaidia moyo. Yuko hai. Nisiseme zaidi ya ninachojua: mpaka Desemba 2022 FDA ilipoacha kutoa taarifa za mara kwa mara, chanzo hasa kilikuwa hakijathibitishwa. Ila kuondoa nafaka si uponyaji, ndugu wa Nakuru. Nafaka safi ilimsaidia mbwa wangu.

Muuza duka, Mbagala

Nimesoma yote, na mimi ndiye mnayemsema. Nina duka la vyakula vya mifugo, napima kilo, hata nusu kilo. Mkinipiga marufuku, wateja wangu hawataenda kununua mfuko wa kilo 15. Watarudi kwenye pumba na mifupa ya kuku, daktari awapokee na matege yao. Mlinzi anayelipwa kwa siku ananunua chakula cha mbwa kwa siku. Tuongee na hilo.

Mleta mada, Morogoro

Asanteni, na kaka wa Mbagala asante zaidi kwa kujitokeza. Umenisogeza. Nilisema marufuku kwa sababu ya uchungu, na naona sasa marufuku ingemwadhibu yule yule mwenye uwezo mdogo.

Ila ndugu wa Nakuru, kwa ugali sikufuati. Mahindi ya kwenye ugali na mahindi ya kwenye punje yanatoka mashamba yale yale, na sumukuvu haifi kwa kupikwa, iwe kwenye sufuria yako au kwenye mashine ya kiwanda. Huko kwenu Kenya, 1977 na 1978 mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004, Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, waliougua ni watu 317, waliokufa 125, kwa mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Kwetu 2016 ilikuwa Dodoma na Manyara. Na semeni kweli: mahindi yakiota ukungu ghalani, yale tuliyoyachambua tukayakataa sisi, tunampa nani? Tunampa mbwa na kuku. Mbwa ambaye ini lake ni miongoni mwa yanayodhurika upesi kwa sumu hiyo, na ambaye anakula kitu kile kile asubuhi na jioni mwaka mzima. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo kabla ya Doria, na sikuwahi kuona kosa.

Afrika Mashariki mahindi ya binadamu hayatakiwi kuzidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Marekani chakula cha mbwa mwisho wake ni 20. Nataka mtengenezaji anayeuza hapa achapishe kwenye mfuko kwamba toleo hili lilipimwa, lini, na likaonyesha kiasi gani. Hilo ndilo dai langu kwa viwanda na kwa mamlaka za viwango.

Na kwa wauzaji, badala ya marufuku: mfuko ufungwe mdomo kila baada ya kuchota, ukae juu ya mbao, mbali na ukuta na mvua, usijazwe juu ya masalia ya mfuko mwingine, na kila anayepimiwa apewe karatasi yenye jina la chakula, namba ya toleo na tarehe. Mimi nimeshaanza upande wangu. Nina mbwa mpya wa miezi saba, na kila ninaponunua naweka gao moja la punje kwenye chupa kavu yenye kifuniko, nimeiandikia tarehe, naitunza mpaka mwezi upite. Daktari akiniuliza tena, nitakuwa na cha kumkabidhi.

Muuza duka, Mbagala

Karatasi nitaandika, haina gharama, nakata tu maboksi. Mbao nitatafuta Jumamosi. Lakini kuna mifuko msambazaji ananiletea haina namba ya toleo kabisa, na mingine imebandikwa tarehe mpya juu ya ya zamani. Nikiikataa, duka la jirani linaipokea na wateja wanahamia huko. Hapo mnanishaurije?