Kadi za majaji: MC wa ngumi atangazeje ushindi wa pointi kwa Kiswahili?

KonaNyekundu_MZA:
Wakuu, naandaa karatasi ya MC, mapambano ya ngumi ya raundi sita hapa Kirumba, Mwanza. KO (mtu kaangushwa akashindwa kuendelea) na TKO (refa kasimamisha pambano) hazina shida. Pambano likiisha na kuamuliwa kwa kadi za majaji, "ameshinda kwa pointi" inatosha?

MezaYaMajaji:
Haitoshi mkuu, ukumbi utauliza majaji wangapi. Mshindi wa raundi anapata 10, kwa hiyo kadi haizidi 60.

Wote wakimpa mtu mmoja, mfano 59-55, 58-56, 58-56: "kwa pointi za majaji wote watatu". Wawili wakimpa, mmoja akaandika 57-57: "kwa majaji wawili, wa tatu ametoa sare". Wakigawanyika: "kwa majaji wawili dhidi ya mmoja". Hapo zisomwe kwanza kadi mbili zinazopingana, kila moja itajwe ni ya nani. Akianza na mbili za mshindi, kelele zitameza ya tatu.

Kadi mbili zikiwa 57-57 ni sare, hata kama ya tatu ina mshindi.

Sangara60:
Na asijumlishe! Jaji mmoja kampa bondia wa kona nyekundu 60-54, wawili wamempa wa kona ya bluu 58-56. Ukijumlisha, nyekundu 172, bluu 170, halafu mshindi ni bluu. Kila kadi ni kura moja. Ubishi mwingi wa vijiweni unaanzia hapo.

"Ushindi wa mezani" afute kabisa. Majaji wanakaa mezani kweli, ila mtu ataelewa mpinzani hakutokea.

KonaNyekundu_MZA:
Nimeelewa. Ila kuna kadi ya zamani hapa inasoma 57-56. Imekosewa?

MezaYaMajaji:
Si lazima. Raundi ya kawaida ni 10-9, jumla 19, mara sita ni 114. Yako ni 113: huenda aliyeshinda raundi nne alikatwa pointi moja kwa rafu, 58 ikawa 57. Au kuna aliyedondoshwa akahesabiwa, raundi ikaandikwa 10-8. Angalia raundi moja moja.

Vichwa vikigongana bahati mbaya na mpasuko ukazuia kuendelea, kanuni nyingi za ngumi za kulipwa zinataka raundi nne ziwe zimekamilika ndipo kadi zisomwe. Atamke "kwa pointi, pambano limesimamishwa raundi ya tano". Akisema TKO, kambi ya aliyeshindwa itapanda ulingoni, na itakuwa na haki.

Sangara60:
Ngumi za ridhaa karatasi yake iwe tofauti, majaji ni watano: "wanne kwa mmoja", "watatu kwa wawili".